Kura Niliyoipiga Kwenye Benchi Jekundu

Sogeeni wanangu, sogeeni mnisikilize, na wewe Fyuzi acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukata umeme, kaa chini, maana sauti yangu leo haina nguvu ya kukufuata ulipo. Chaki, binti yangu, kaa huku upande wa jicho zima, nikuone. Usinifunike. Nimesema usinifunike, shuka likinigusa upande huu wa uso ni pasi ya moto, acha niwe hivi hivi. Mnatazamana, nawaona. Mnaulizana mzee kapatwa na nini, asubuhi yote hii kuamrisha benchi la kliniki lichukuliwe kwa mkokoteni, lipitishwe mtaa mzima watu wakikodoa macho, liingizwe chumbani na yeye alazwe juu yake, wakati kitanda kipo, tena na godoro nililolishona kwa mikono yangu. Akili haijaniruka. Yaani imeruka kidogo, sitawadanganya, tangu mkanda wa jeshi uninyang'anye jicho miezi sita iliyopita na hivi vidonge vya maumivu vianze kunizungusha kichwa, mambo yananichanganya, na jana nilimwita mama yenu aniletee mkasi, na mama yenu tumemzika miaka ishirini na mitatu. Lakini hili la benchi nalijua. Nitawaambia sababu yake, nipeni nafasi nifike.

Saa, rafiki yangu, saa ngapi? Saa nne na dakika tano. Haya, tunao muda. Huyu fundi saa mnamjua, tumekaa naye benchi hili miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu, na nimemwita awe shahidi kwa sababu hajawahi kuchelewa kitu chochote duniani isipokuwa kuoa.

Nianze na mali, maana ndiyo inayogombanisha ndugu hata kabla udongo haujakauka. Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Isiuzwe, wala asitokee mtu wa kuja kuwapimiapimia hapa. Chumba cha mbele, karakana, ni cha Chaki, pamoja na cherehani kubwa ya ngozi, meza ya kukatia, bunduki ya pini na sponji yote iliyobaki, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa na mimi humo tangu akiwa anaokota misumari sakafuni kwa sumaku, na leo anashona kingo za kochi zikalala kuliko nilivyowahi kuzishona mimi, na hilo nalisema mara moja tu, msije mkamvimbisha kichwa. Wewe Fyuzi una umeme wako, nikikuachia cherehani utaifungua uangalie waya unapita wapi. Chukua chumba cha nyuma na ule uwanja, mjengee mkeo jiko analolililia kila siku. Na redio ni yako, uliiharibu mwenyewe.

Sasa lile kopo. Nishushie lile kopo la bati juu ya kabati, uliweke hapa, tumboni. Wanangu, kazi ya makochi nimeifanya miaka arobaini na miwili, na bwana aliyenifundisha, kabla hajanionyesha hata kushika mkasi, alinipa sheria moja. Alisema kochi linameza. Utakuta humo vitu ambavyo mwenyewe hajui kama vimepotea, na vingine anajua sana, kavitumbukiza makusudi, na kila utakachokikuta utakirudisha mkononi mwa mwenyewe, yeye peke yake, bila shahidi na bila swali. Nimerudisha pete. Nimerudisha barua za watu ambao hawakustahili kuandikiana barua. Nimerudisha meno ya bandia ya mwalimu mmoja aliyekwisha kumfukuza mtumishi wake kwa wizi wa meno, na sikufumbua mdomo. Humu koponi mna vile ambavyo wenyewe walihama au walikufa kabla sijawafikia, vifungo, funguo, picha ya mtoto. Lakini mna kitu kimoja ambacho mwenyewe yu hai, yuko kwenye kibaraza changu sasa hivi, kakataa kuingia, na sikumrudishia. Nitafika hapo, msiniharakishe.

Kwamba ninaishi na virusi vya ukimwi si geni katika nyumba hii, na kwamba Chaki anaishi navyo tangu azaliwe, hilo pia mnalijua. Ambalo sijawahi kuwaambia ni jinsi lilivyoanza kujulikana, kwa sababu hata leo nikilikumbuka jasho linanitoka. Fyuzi ulikuwa darasa la pili. Joto la karakana ya bwana wangu lilikuwa halivumiliki, wafanyakazi sote tukavua mashati, na mimi nikasahau. Nilikuwa na malengelenge yamenishika ubavuni, kutoka uti wa mgongo hadi chini ya titi, yanawaka, na mimi najiambia ni joto. Mwenzangu mmoja akaona, akapiga kelele kwa utani, 'Jamani, huyu kavaa mkanda wa jeshi!' na utani ukamfia mdomoni, kwa sababu siku zile hakuna asiyejua mkanda wa jeshi unatangaza nini. Wakasema ukizunguka ukakutana, mtu hamalizi wiki. Basi mimi kila asubuhi nikawa nasimama mbele ya kioo na futi yangu ya kitambaa, napima zimebaki inchi ngapi. Mama yenu ananichungulia, analia, ananicheka, analia tena.

Haukukutana. Miaka mingi baadaye sista wa kliniki akaniambia ule ni ugonjwa wa tetekuwanga uliolala mwilini tangu utotoni ukaamka, na kwamba wapo wengi wanaoupata bila ya kuwa na virusi. Lakini siku zile nani angenieleza? Haukupita mwezi, wateja wakawa wanamuuliza bwana wangu kama kochi lao limeshikwa na mimi. Mama mmoja alirudisha viti sita, akataka vichomwe. Nikaondoka kabla sijafukuzwa, nikaja kuanza upya huku ambako hakuna aliyenijua, na nikajiapiza kwamba maneno yale matatu, mkanda wa jeshi, hayatatamkwa juu yangu tena maadamu nina pumzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, methali naijua, niliwafundisha wenyewe. Kuijua methali ni kazi nyingine.

Maji kidogo. Asante. Nilikuwa wapi? Cherehani. Cherehani nimempa Fyuzi. Sikumpa Fyuzi? Saa, nimempa nani? Chaki. Haya, Chaki, ndivyo nilivyotaka.

Benchi hili nililitengeneza mwaka sisi wenye virusi tulipoanza vidonge. Ukumbi wa nyuma wa kliniki ulikuwa na mbao tupu za kukalia, na sisi tulikuwa mifupa mitupu, kusubiri dawa dirisha la tatu ilikuwa adhabu. Nikapiga mbao ngumu, nikalaza sponji ya inchi nne, nikalivika ngozi ya bandia nyekundu iliyobaki kwenye makochi ya baa. Tukawa saba tusioachana, tukakutana hapo kila mwezi, nikachaguliwa mwenyekiti, na utani wa fundi viti kupewa cheo hicho nimeusikia miaka ishirini, msinirudie. Kabla ya hapo tulikuwa tumezika wenzetu wawili. Alipita mtu na gari na kipaza sauti akiuza dawa yake ya chupa, akawaambia waache vidonge, wakaacha. Tulipotoka makaburini tuliweka nadhiri: hakuna atakayetia kitu kipya mwilini mpaka benchi likae na kupiga kura. Kura zikilingana, mwenyekiti anakata shauri. Kura ikishapigwa haigeuzwi na mtu mwingine ila yule aliyeipiga, akiwa ameketi palepale alipoipigia, mbele ya shahidi. Ilitusaidia sana nadhiri ile, ilitukinga na matapeli wengi. Chaki aliletwa benchini ana miaka kumi, siku alipoelezwa kwa nini anameza vidonge, akakaa katikati yangu na Saa, miguu haifiki chini, akaapa kama mtu mzima, tukawa wanane. Niliona fahari siku ile, mwanangu, na leo nadhiri hiyohiyo ndiyo inayonisuta.

Kwa sababu mwaka jana sista wa dirisha la tatu, yule mfupi asiyependa mchezo, alituita akatuambia imekuja chanjo ya kukinga mkanda wa jeshi, sindano mbili, ya pili baada ya miezi miwili, na kwamba sisi tunaoishi na virusi ndio tunaoihitaji zaidi, maana mkanda hutupata kwa urahisi na hututesa zaidi. Saa akauliza kama haitagombana na vidonge, sista akasema haigombani. Mwingine akauliza kama si kujipandikizia ugonjwa, akasema ndani yake hamna mdudu hai, haiwezi kukupa mkanda, ila mkono utauma na homa inaweza kukushika siku mbili tatu. Hakutudanganya kwamba ni ngao ya chuma, alisema inapunguza sana. Mimi alinieleza peke yangu mara mbili, nikaelewa mara zote mbili, nikajifanya sikuelewa.

Sasa hapo, wanangu, ndipo ninapojipotea mwenyewe. Benchini nilisimama nikasema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe, ugonjwa umetulia miaka yote hii, kwa nini tuuchokoze kwa sindano? Nikasema miili yetu imeshiba dawa, lila na fila havitangamani. Nikasema cha bure kina mwenyewe, mbona wenye magari hatuwaoni kwenye foleni? Na nilipokuwa nayasema nilikuwa nayaamini, wallahi nayaamini, halafu nikirudi karakanani nikishika nyundo siyaamini, nikilala nikiamka nayaamini tena. Mpaka leo sijui ni lipi hasa lilikuwa langu. Lakini chini ya maneno yote hayo palikuwa na jambo moja dogo, la kipuuzi, na nyie ndio wa kwanza kulisikia. Chanjo haikutolewa ukumbini kwetu nyuma. Ilitolewa mbele, getini, chini ya hema, na juu ya hema bango lenye herufi za kimo cha mtoto: CHANJO YA MKANDA WA JESHI. Na ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na bango hilo, anaketi tangu asubuhi mpaka jioni mzazi mwenzangu, baba yake mkeo Fyuzi, na matairi yake. Mimi niliyekwenda kwake kupeleka posa kifua mbele, nikamwambia ukoo wetu ni watu wa afya zao, leo nipange foleni chini ya maneno yale matatu? Nikasema moyoni, afadhali nife. Haya, mnaniona.

Usinipapase, Fyuzi, acha niseme. Bi Mizani mnamfahamu, anayepima nafaka sokoni, mwenzetu wa benchi, mama ambaye hata ukimwamkia anaipima kwanza salamu yako. Wiki moja kabla ya kura aliniletea kochi lake nilibadilishe sponji. Nikaingiza mkono chini ya mto, na vidole vyangu vikakuta kadi. Kadi ya chanjo, jina lake, sindano ya kwanza, tarehe. Alikuwa ameshachanjwa kwa siri, hakulisubiri benchi, na zile siku mbili alizolala na homa akatuambia ni malaria, kumbe ni mkono na sindano yake. Sheria ya kazi naijua, nimewaambia sasa hivi. Kadi ile ilipaswa kurudi mkononi mwake bila shahidi na bila swali.

Mimi niliitia mfukoni. Nikakaa nayo siku nne. Nilikuwa nimehesabu, wanangu, hilo ndilo linaloniuma kuliko jicho: wanne wangesema ndiyo, watatu hapana, na kura yangu isingehitajika. Siku ya kikao niliitoa mbele ya watu wote nikaisoma. Nikasema mnaona, huyu kavunja nadhiri, na mnaona homa iliyomlaza, kazi ya sindano ndiyo hiyo. Bi Mizani hakujitetea. Alichukua mkoba wake, akanitazama, akasema, 'Mwenyekiti, hiyo umeitoa ndani ya kochi langu,' akaondoka. Tukabaki saba, watatu kwa watatu, nikakata shauri. Nikasema hapana. Na benchi lote likatii, na Chaki, uliyekuwa umepiga ndiyo, ukatii.

Saa ngapi sasa? Saa tano kasoro dakika kumi. Tumekwenda mbio. Au ni mimi ninayekwenda polepole.

Mkanda ulikuja baada ya miezi mitatu, na haukuja ubavuni, ulinishika usoni, kuanzia kwenye nywele hadi puani, ukaingia jichoni. Mlikuwapo, mlisikia nilivyokuwa napiga kelele kama mtoto. Malengelenge yalikauka, maumivu hayakwenda popote, mpaka leo upepo ukipita dirishani nauogopa, mimi niliyeishi na vitambaa miaka arobaini na miwili siwezi kuguswa na leso. Nikaacha kula, nikaacha kutembea, na daktari sasa anasema ni moyo umechoka, haniambii lini lakini nasoma uso wake. Sisemi mkanda ndio unaoniua. Nasema ndio ulioniangusha chini nisiinuke. Na mzazi mwenzangu akaja kuniona, kanibebea machungwa, akakaa hapo ulipokaa Fyuzi, akasema, 'Pole, ndugu yangu. Sisi tulijua tangu kabla ya posa. Kijana wako alimwambia binti yetu mwenyewe, tukakubali. Tulikuwa tunakusubiri wewe tu utuambie.' Miaka minane! Miaka minane nimejificha nyuma ya mlango ulio wazi, na wewe Fyuzi kimya! Hapana, usijibu, ulikuwa unanistahi, najua, najua. Nilicheka mpaka uso ukaniwaka nikalia.

Nilipotoka hospitali nilikwambia, Chaki, nenda kachanjwe. Ukaniuliza, 'Benchi limesema nini, Baba?' Nilitaka kukwambia benchi nililiiba, nikashindwa, mzee mzima na mvi zangu. Siku ya pili nikasema nenda, ya tatu nikasema ngoja kwanza, maana nilianza kufikiri, pengine mkanda ungenipata hata kama ningechanjwa, pengine Bi Mizani ana bahati yake tu, pengine kweli dawa ikizidi ni sumu, pengine mimi nimekuwa mwoga kwa vile nimeumia. Miezi sita nakuzungusha hivyo. Na juzi sista ameleta salamu kwamba zimebaki chupa chache, jina lako amelishikilia kwenye orodha, orodha inafungwa leo saa sita mchana, na shehena nyingine haijulikani itakuja mwezi huu, mwaka huu, au lini. Na wewe hukunitajia. Saa ndiye aliyenitajia. Umekaa hapa unanipepea, unaona baba yako anakufa, na nadhiri uliyoapa miguu haifiki chini bado unaishika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tuliwaambia. Hatukuwaambia mkuu mwenyewe akikosea mfanyeje.

Macho yako ndiyo kazi yako, mwanangu. Ile sindano ya ngozi haina huruma na mtu asiyeona vizuri. Kila nikikutazama unashona na mimi nakutazama kwa jicho moja, nasema Mola, usimpe huyu kilichonipata mimi.

Sasa ndiyo mjue sababu ya benchi. Niinueni. Niinueni nikae, kura haipigwi mtu akiwa amelala. Fyuzi, shika hapa chini ya kwapa, si hapo, aah, si hapo, uso, angalia uso. Taratibu. Haya. Saa, njoo usimame mbele yangu. Hapa ndipo mahali pangu, nahisi mshono niliouunga vibaya mwaka ule, uko palepale. Sikiliza shahidi. Mimi mwenyekiti, niliyepiga hapana kwa hila, nikamtoa mwenzetu kwa kadi niliyoiba kwenye kochi lake, naiondoa hapana yangu. Naweka ndiyo. Kawaambie wenzetu wote, uwaambie na sababu, usinipambe. Na msiniulize kama nina hakika, sina. Sista ana hakika, mimi nina uso unaoungua na mambo kichwani yasiyokaa mstari. Ile hapana niliisema kwa hakika ya uongo, acheni hii ndiyo niiseme na mashaka yangu ya kweli.

Mwiteni Bi Mizani. Mwambieni mwenyekiti anasema kiti chake kinamngoja. Karibu, dada yangu. Usikae mbali. Chaki, fungua kopo, iko chini ya funguo, ile karatasi ngumu. Mpe. Hapana, nipe mimi, sheria inasema mkononi mwa mwenyewe. Hii mali yako niliikuta kwenye kochi lako. Nimechelewa kuirudisha. Unasemaje? Unasema, 'Umechelewa sana, Mwenyekiti,' sawa, ni haki yako. Na mkono? Mkono uliuma siku ngapi? 'Tatu. Tatu tu.' Umesikia, Chaki? Siku tatu, na huyu mama hajawahi kupunja kipimo. Dada, benchi likirudi kliniki jioni, maana sista ametuazima kwa masharti, kaa mahali pako upande wa ukuta. Na Chaki akae pangu. Kura ya kukata shauri iwe yake, na ajue kuitoa.

Saa, saa. Tano na robo. Na hadi kliniki ni nusu saa kama barabara haijafungwa. Simama, Chaki. Bi Mizani atakusindikiza.

Unatikisa kichwa. 'Siondoki, Baba.' Nimekusikia. Unaogopa nitakwenda wewe hupo, na mimi naogopa hivyohivyo, nani asiyeogopa? Nilitaka wewe ndiye unifumbe jicho hili, nimelitamani hilo tangu niumwe. Lakini tazama, ulikuwa unasubiri benchi, benchi limesema. Ukikaa hapa sasa hukai kwa ajili ya nadhiri, unakaa kwa ajili yangu, na mimi nimeshakula muda wako miezi sita, leo nimekula saa nzima nikieleza viti. Nina mengi bado. Kuna mtu wa kumwomba radhi kule kwa bwana wangu, kuna ule mti wa mbao sijasema uende kwa nani, kuna kaburi la mama yenu lisafishwe. Nayaacha. Unaona, nimeyaacha, nimemaliza wosia, huna cha kusubiri kusikia.

Inama nikubariki. Mungu akupe macho mpaka uzee, akupe mkono usiotetemeka, akupe mume asiyekuuliza vidonge vya nini kwa sababu ulikwisha kumwambia mwenyewe. Fyuzi, na wewe, inama. Mungu akupe jiko lisilovuja na mdomo kama huo ulionao, unaojua kusema na kunyamaza. Nimewawia radhi, niwieni radhi. Pendaneni. Nenda, Chaki. Viatu viko mlangoni. Nenda, mama, usigeuke nyuma.

Ameondoka? Sijasikia mlango. Fyuzi, mlango umelia? Mkono huu ulionishika ni wa nani, mbona... Chaki, kama ni wewe nitakasirika, nakwambia nitakasirika. Hapana. Una lile kovu la umeme. Ni wewe, Fyuzi. Basi vizuri. Vizuri.

Msinilaze. Acheni nikae, Saa aniegemeze... wasije wakasema kura ilipigwa na mtu aliyelala. Saa ngapi? Usiniambie. Niambie tu kama atawahi. Unasema atawahi. Wewe hujawahi kukosea saa... Mama yenu yuko wapi, ana mkasi... hapana, hapana, najua, nimechanganya.

Akirudi, Fyuzi. Sikiliza, hili la mwisho. Akirudi atataka kunishika, na mkono wa sindano utakuwa umeanza kumuuma, na yeye hatasema, namjua, hasemi. Asinishike kwa huo. Mwambie... mwambie anishike kwa ule mwingine.